Balbu za LED nyumbani: maneno ya mtaani na ukweli wake

“Weka LED, LUKU itadumu mara mbili”

Inategemea unatoka kwenye taa gani. Nyumba yenye globu sita za wati 60, zile balbu za zamani za waya unaong'aa, zikiwaka saa tano kila usiku, inakula uniti 54 kwa mwezi kwa taa peke yake. Weka LED za wati 9 mahali pale pale, unabaki na uniti 8 na ushei. Kwa aliyeko D1, daraja la TANESCO la wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, tofauti hiyo ni kubwa zaidi ya inavyoonekana, maana uniti 75 za kwanza za mwezi anauziwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada ni 350. Hizo uniti 46 zinaweza kuwa ndizo zinazombakiza kwenye nafuu.

Lakini nyumba nyingi za mjini ziliachana na globu zamani, ziko kwenye enaji seva. Ukitoa enaji seva ya wati 15 ukaweka LED ya wati 9, kwa hesabu ile ile ya taa sita unaokoa uniti tano na nusu hivi kwa mwezi. Kwa mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo haifiki elfu mbili. Si haba, ila anayekuahidi kwamba matumizi yatakatika nusu hajaliona friji lako wala pasi yako. Pasi ya wati 1,200 ikivuta umeme saa nzima imemaliza kiasi ambacho LED ya wati 9 ingewakia saa 133.

Kama hela ni ya balbu moja tu, anza na ya nje, ile inayowashwa magharibi na kuzimwa alfajiri. Globu ya wati 60 hapo inakula uniti 21 na zaidi kwa mwezi. LED ya wati 9 haifiki nne.

“Wati ndogo, mwanga hafifu”

Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na namba hiyo imeandikwa kwenye boksi ingawa wauzaji wengi hawaitaji. Globu ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800, na LED ya wati 8 au 9 inafika hapo hapo, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa globu unaishia kwenye joto. Wala weupe si ukali. Balbu ya 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) inaonekana kali kwa kuwa imeelekea buluu. Ya 3000K yenye lumeni zile zile inamulika sawasawa, ila kwa rangi ya manjano, na chumbani ndiyo ninayoipendelea.

“LED haziungui” na “LED zinaungua ovyo”

Maneno haya mawili unaweza kuyasikia kwenye duka moja, na yote yana chembe ya ukweli. Saa 15,000 za kwenye boksi, kwa saa tano kila usiku, ni kama miaka minane. Ila mara nyingi hesabu hiyo inahusu vile vidoti vya njano vinavyotoa mwanga, navyo vikipungua hadi asilimia 70 ya mwanga wa mwanzo huhesabiwa vimechoka. Kinachokufa mapema ni kisakiti kilicho kwenye shingo ya balbu, hasa kapasita zake, na muuaji wake ni joto. Ifungie LED ndani ya kibakuli cha kioo kisichopitisha hewa, au uiweke mahali umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, haitamaliza hiyo miaka. Boksi lililoandikwa 85–265V linavumilia umeme unaopanda na kushuka kuliko lile la 220–240V.

Vidoti navyo huungua. Kwenye balbu nyingi za bei nafuu vimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo kikifa kimoja vyote vinazima. Ukitoa kofia ya plastiki utakiona, kina alama nyeusi katikati. Fundi wa mtaani huziba pengo lake kwa risasi ya kulehemu na balbu ikawaka. Inawaka kweli, lakini sakiti na vidoti vilivyobaki vinapata joto zaidi, kwa hiyo usitegemee ikae sana.

“Ikizimwa bado inamulika kidogo, ni mbovu”

Hapa balbu mara nyingi inasingiziwa. Sababu moja ni swichi zenye kataa kadogo ka kuonyesha ilipo. Nyingine ni nzito: fundi ameweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Ukizima, umeme bado umefika kwenye holda, na chembe ndogo inayovuja inatosha kuiwasha LED kwa mbali. Globu isingeonyesha chochote, kwa kuwa ilihitaji umeme mwingi kuwaka. Kwa hiyo kosa lilikuwepo miaka yote, na kila aliyebadilisha globu kwa kuzima swichi ya ukutani tu alikuwa anashika holda yenye umeme. Zima mein swichi, kisha mwite fundi mwenye leseni ahamishe waya.

“Enaji seva na LED ni kitu kimoja”

Hapana. Enaji seva ina zebaki, ambayo ni sumu, LED haina. Mwaka 2022, kwa pendekezo lililotoka nchi za Afrika, wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, walikubaliana kuacha kutengeneza na kuuziana enaji seva za hadi wati 30 ifikapo 2025. Ikikuvunjikia ndani, fungua madirisha, watoe watoto, na vipande uvizoe kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio.

“LED zinapofusha”

Ndani yake kuna buluu kweli: weupe wa LED hutokana na kidoti cha buluu kilichopakwa unga wa njano, na ni kwa kuvumbua LED ya buluu yenye ufanisi wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walipata Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Hata hivyo, kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya haikuona, mwaka 2018, ushahidi kwamba matumizi ya kawaida yanamdhuru moja kwa moja mtu mwenye afya. Kinachosumbua zaidi ni kupepesa kwa balbu za bei ya kutupa, ambako jicho halikuoni lakini kichwa kinaweza kuuma. Dukani, balbu ikijaribiwa, ielekezee kamera ya simu kwa karibu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, omba ya aina nyingine.