Kuhuzunika baada ya kuondolewa kibofu si kukosa shukrani

Wagonjwa walioondolewa kibofu kwa sababu ya saratani hunijia kliniki ya stoma, yaani tundu la tumboni ambalo mkojo hutokea na kuingia katika mfuko uliobandikwa hapo, wakilalamikia ngozi inayowasha au mfuko unaovuja, na tukishayamaliza hayo ndipo hutamka neno ambalo nimechoka kulisikia: kwamba wanamkosea Mungu kwa kuwa na huzuni ilhali wamepona. Hawakulitunga wenyewe, bali wameambiwa na wanaokuja kuwajulia hali: "Baba, mshukuru Mungu, wenzako wameshazikwa."

Ukweli ni kwamba mtu huyu amefiwa na sehemu ya mwili wake. Amepoteza namna ya kukojoa aliyoizoea tangu utotoni. Mwanamume kwa kawaida huondolewa pia tezi dume, na mwanamke mara nyingi huondolewa pia mfuko wa uzazi. Shukrani na majonzi hukaa katika moyo mmoja bila kugombana. Anayekatazwa kulia hujitenga: haendi msibani, hapandi daladala, na akialikwa harusini hutafuta kiti cha karibu na mlango, mkono ukipapasa mfuko chini ya shati kila baada ya muda mfupi.

Ubaya zaidi ni kwamba kumnyamazisha huficha sonona. Majonzi ya kawaida huja na kupungua. Lakini huzuni ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikapotea, na yaliyokuwa yakimfurahisha yasimguse tena, huenda huo ni ugonjwa, nao hutibika kwa ushauri nasaha, na kwa dawa inapobidi. Anayesema ni heri angekufa aletwe hospitali siku hiyohiyo, wala asihubiriwe.

Jambo ninalolishikilia, hata wenzangu wakiniona mkali, ni kwamba mgonjwa aiguse stoma yake kwa kidole kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Wengi huiogopa kwa kuwa ni nyekundu na yenye unyevu, wakidhani ni kidonda kibichi, kumbe ni kipande cha utumbo mwembamba ambacho hakihisi maumivu kikiguswa, na uvimbe wake hupungua katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Kisha ajifunze kubadilisha mfuko mwenyewe, asubuhi kabla ya kunywa chochote, wakati mkojo unatiririka kidogo. Mke anayemfanyia mumewe kazi hiyo kila mara, ilhali mikono yake mume ni mizima, humchelewesha kuuzoea mwili wake mpya, ingawa anafanya hivyo kwa mapenzi.

Wapo wanaopunguza maji ya kunywa ili mfuko usijae. Wanajidhuru, kwa maana mkojo mzito hukaribisha maambukizi na mawe katika figo. Dawa ya hofu hiyo ni kumwaga mkojo mfuko ukifika theluthi au nusu, na kuunganisha mfuko wa usiku wakati wa kulala. Harufu nayo si ya lazima: mfuko ulioshika vizuri hautoi harufu, na ikisikika, kwa kawaida kuna mahali panapovuja.

Waislamu kadhaa wameacha kwenda msikitini wakiamini hawana tena twahara. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inamtambua mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo mfululizo: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha akaswali. Amwendee sheikh wake kwa ufafanuzi, lakini asijifungie ndani.

Kuhusu unyumba, si kweli kwamba umekwisha. Kusimama kwa uume huweza kuathirika, kwa sababu mishipa ya fahamu inayohusika hupita kando ya tezi dume, na uke wa mwanamke huweza kuwa mfupi zaidi au mkavu. Yote hayo yana misaada yake, kuanzia vidonge hadi vilainishi. Wanandoa na wayaulize kwa daktari wakiwa pamoja, na ikiwezekana kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu hapo ndipo daktari anaweza kuwaeleza kama kuna uwezekano wa kuinusuru mishipa hiyo.