Uchambuzi wa pamoja si kipimo cha mtoto

Hapa Mombasa mwezi hauishi bila mzazi kuingia kwenye chumba chetu cha picha za ndani ya mwili, simu mkononi, na ndani ya simu mna habari kwamba utafiti wa kimataifa umegundua ubongo wa mwenye tiki ulivyo. Anataka mwanawe apigwe MRI, ile picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, ili naye aone. Barua ya daktari hana. Mmoja katumwa na jirani, mwingine na mwalimu, na juzi mhudumu mwenzangu wa afya, tena aliyesoma, kanihakikishia kwamba jeni ya tiki imeshapatikana, siku hizi ni kupima tu. Nilimwambia tutaongea baadaye. Haya ndiyo maongezi yenyewe.

Maana kwanza, nayo ni fupi. Tiki ni mjongeo au sauti ya ghafla inayojirudia bila mtu kuikusudia: kupepesa macho, kutupa shingo, kuguna, kukohoa bila kikohozi. Mtoto akiwa na tiki mbili au zaidi za mwili na angalau moja ya sauti, zikimwandama zaidi ya mwaka, na zikiwa zimeanza kabla ya miaka 18, huyo huitwa mwenye Tourette. Yale matusi ya kwenye filamu huwatoka wachache tu kati yao, tuyaache. Uchambuzi wa pamoja nao ni hesabu: timu nyingi, kila moja imepima watu wake, kisha matokeo yanaunganishwa kuwa jibu moja, huku timu yenye watu wengi na vipimo thabiti ikipewa uzito zaidi. Basi, hakuna siri nyingine.

Linaloniudhi ni hili. Watu husikia kwamba nchi nyingi zimeungana, wakadhani kilichoonekana lazima kiwe kikubwa na wazi, kwamba hata hapa kitaonekana. Mambo ni kinyume. Nchi nyingi zimelazimika kuungana kwa sababu kinachotafutwa ni kidogo mno, kiasi kwamba timu moja yenye watoto thelathini au arubaini haiwezi kukitofautisha na bahati nasibu. Kama kingeonekana kwenye picha ya mtoto mmoja, mtu mmoja mwenye mashine moja angekiona zamani na kazi ingeishia hapo.

Chukua upande wa jeni, vile vipande vya DNA, maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Kwamba tiki zina mkondo wa kifamilia hakuna anayebisha. Uchunguzi wa familia nchini Sweden ulikadiria kuwa takriban asilimia 77 ya tofauti baina ya watu katika jambo hili inatokana na urithi. Mtu akisikia asilimia 77 hufikiri ni jeni moja inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Watafiti nao walitafuta. Mwaka 2013 timu za kimataifa zilichapisha matokeo ya watu 1,285 wenye Tourette wakilinganishwa na 4,964 wasio nayo, wakipekua DNA nzima alama kwa alama, yaani zile sehemu ambazo DNA ya watu hutofautiana. Hawakupata hata alama moja iliyovuka kizingiti. Na kizingiti chenyewe ni kikali kwa sababu nzuri: ukipima mahali milioni moja, mengi yataonekana ya maana kwa bahati tu, ndiyo maana hukubaliwi mpaka uwezekano wa bahati ushuke chini ya 5 katika milioni 100.

Wakaongeza watu. Mwaka 2019 wakafika wagonjwa 4,819 na watu wa kulinganisha 9,488. Safari hii ikapita alama moja, ndani ya jeni ya FLT3 kwenye kromosomu ya 13. Walipoitafuta tena katika kundi jingine la watu, haikujirudia. Karibu watu elfu tano wenye Tourette, na mavuno ni alama moja iliyokataa kuonekana mara ya pili. Hiyo ndiyo "jeni iliyopatikana" ya mhudumu mwenzangu.

Msinielewe vibaya, kazi ile haikuwa ya bure. Ilionyesha kwamba alama nyingi ndogo ndogo zikijumlishwa zinahusiana na ukali wa tiki, maana yake urithi huu umetawanyika katika sehemu nyingi za DNA, kila sehemu ikichangia chembe. Lakini jumla hiyo haikuambii kama huyu Saidi wa darasa la tatu anazo au hana.

Kuna anayejua zaidi ambaye atanikatiza hapa aniulize: na ile familia ya HDC? Kweli. Mwaka 2010 iliripotiwa familia moja ambamo baba na watoto wake wote wanane walikuwa na hitilafu kwenye jeni ya HDC, inayohusika na kutengeneza histamini, kemikali mojawapo ya kupeleka ujumbe ubongoni, na wote tisa walikuwa na Tourette. Ni ugunduzi mzuri, umefungua njia ya kuelewa kemia ya ubongo. Ila ni familia moja. Wenye Tourette wengine karibu wote walipochunguzwa hawakuwa na hitilafu hiyo.

Sasa upande wangu, wa picha. Huku kuna adha zaidi ya uchache wa watu. Mtoto mwenye tiki ndani ya mashine anajongea, ndiyo hali yake, na mjongeo huharibu picha kwa namna ya hila: tishu ya kijivu, ile yenye miili ya seli za ubongo, huonekana nyembamba kuliko ilivyo. Ukilinganisha watoto wanaotikisika na watoto waliotulia, unaweza ukatangaza tofauti ya ubongo kumbe umepima kutikisika. Akijizuia asitikisike, huko kujizuia nako ni kazi ya ubongo na itajitokeza kwenye picha za utendaji, zile zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi. Tena wengi wao wana shida nyingine juu ya tiki, ya kutotulia na kukosa umakini au ya fikra na vitendo vya kujirudia, na baadhi wanatumia dawa. Ndiyo maana kwa miaka tafiti ndogo zilipingana: huyu anasema kiini cha kaudeti, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza mijongeo, ni kidogo kwa wenye Tourette, yule anasema hakuna tofauti.

Kujumlisha tafiti zilizokwisha kuchapishwa hakuondoi kasoro hizo. Ni kama kununua mchele soko la Kongowea kwa wauzaji kumi, kila mmoja na kopo lake, halafu ujumlishe makopo useme umepata kiasi fulani. Lazima wote watumie kibaba kimoja kabla ya kupima. Hicho ndicho ulichokileta ENIGMA, muungano wa watafiti wa picha za ubongo ulioanza 2009: utaratibu mmoja wa kuchambua picha, programu ile ile, ukaguzi wa ubora ule ule, kila kituo kikichambua picha zake pale pale zilipo na kutuma namba tu. Kufikia 2020 ulikuwa na wanasayansi zaidi ya 1,400 katika nchi 43, wamegawanyika katika vikundi kwa maradhi, na kimojawapo ni cha Tourette. Kwa wanaoniuliza kama picha ya kichwa cha mtoto huzunguka dunia: kwa mtindo huu, hapana, kinachosafiri ni matokeo. Upo mtindo mwingine ambapo vipimo vya kila mtu, bila majina, hukusanywa mahali pamoja, na huo huhitaji ridhaa na makubaliano mazito zaidi. Hapa Kenya tuna sheria ya kulinda data ya 2019 kwa mambo kama hayo, na mzazi ana haki ya kuuliza ni mtindo upi kabla hajatia sahihi.

Mfano wa kinachopatikana kwa kuungana: mwaka 2017 vituo kadhaa vya Marekani viliunganisha picha za watoto 103 wenye Tourette na 103 wasio nayo. Wenye Tourette walikuwa, kwa wastani, na tishu nyeupe, ile ya nyuzi zinazounganisha seli, pungufu kidogo katika sehemu za mbele na chini za ubongo, na tishu ya kijivu zaidi upande wa nyuma wa thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha ujumbe, na karibu yake. Kwa wastani. Neno hilo ndilo linalodondoka habari ikihamia kwenye simu. Mafungu mawili yale yanapandiana kwa sehemu kubwa sana; wamo watoto wenye tiki ambao vipimo vyao vinafanana na vya jirani asiye nazo, na wamo wasio na tiki ambao ukiwatazama kwa namba ungedhani wanazo. Nikiipiga picha ya mwanao leo na kumpa mtaalamu aisome, ataandika kwamba ubongo uko sawa, na atakuwa amesema kweli, na mtoto atashuka ngazi akipepesa macho vile vile.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hasa. Watu wa ule uchambuzi wa jeni wa 2019 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Jumla za alama zilizotengenezwa kwa watu wa asili moja hupungua nguvu zikipelekwa kwa asili nyingine, na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za DNA kuliko kwingine kote. Kwa hiyo hata siku kipimo cha aina hiyo kitakapotumika kwingine, kukinunua na kukileta Mombasa kungekuwa kukisia. Dawa yake ni sisi kuwamo kwenye hesabu. Mradi wa NeuroDev, unaochunguza jeni za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, unafanyika Kilifi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na Cape Town, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti ya Broad ya Marekani. Haukuanzishwa kwa ajili ya tiki, lakini ndivyo ushirikiano unavyotakiwa uwe: watoto wetu wakihesabiwa, na wanasayansi wetu wakihesabu.

Georges Gilles de la Tourette alipoeleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1885, alikuwa na wagonjwa tisa na macho yake. Utambuzi mpaka leo uko hivyo hivyo: daktari anasikiliza historia na kumtazama mtoto. MRI au kipimo cha umeme wa ubongo huagizwa kukiwa na shaka ya kitu kingine, mathalan kifafa, udhaifu wa upande mmoja, au tiki zilizozuka ghafla ukubwani. Wanaoanza na kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa yakanywewa, sina ugomvi nao, mradi mtoto asipigwe wala kusimangwa kwa jambo asilolikusudia, na daktari naye afikiwe.

Kwa hiyo mwenzangu, ukitaka kuisimulia habari ile, sema wamepata tofauti ndogo ya wastani kati ya makundi, na bado wanatafuta. Na mama anayeniuliza afanye nini na pesa ya MRI, namwambia aiweke kwanza, amrekodi mtoto kwa simu akiwa nyumbani, dakika moja mbili akicheza au akitazama runinga, maana tiki zina tabia ya kutoweka mbele ya daktari. Video hiyo aende nayo kliniki.