Je, matusi ya mtandaoni yangeisha kila mtu akitumia jina lake halisi?

Mjadala wowote kuhusu lugha chafu mitandaoni haukawii kufika pale pale: shida ni hawa waliojificha nyuma ya majina bandia na picha za maua. Walazimishwe kuandika kwa majina waliyopewa na wazazi wao, waweke na namba ya kitambulisho, uone kama hawatashika adabu. Hoja hii inapendwa kwa sababu inaeleweka upesi, na kwa sababu mshitakiwa hayupo kujitetea. Ila ilishajaribiwa, tena kwa sheria ya nchi nzima, na matokeo yake hayakufanana hata kidogo na yaliyoahidiwa.

Ushahidi wa kwanza uko mfukoni mwako. Grupu la WhatsApp la ukoo au la kamati ya harusi halina mtu asiyejulikana. Namba ziko wazi, na kwa Tanzania laini yenyewe imesajiliwa kwa alama za vidole. Shangazi yumo, baba mkubwa yumo, mkwe yumo. Ndimo humo humo watu wanamochambana hadi saa saba za usiku juu ya siasa, juu ya mchango, juu ya nani alistahili kusoma risala, na asubuhi mnasikia fulani ameondoka kwenye grupu. Facebook nayo inataka watu watumie majina wanayojulikana nayo maishani. Sijawahi kumsikia mtu akiisifu kwa upole wa maoni yake.

Waliolipima jambo hili kwa sheria ni Korea Kusini. Mwaka 2005, ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini Seoul, mbwa wa msichana mmoja alijisaidia sakafuni, naye mwenye mbwa akakataa kusafisha. Abiria akapiga picha, picha ikasambaa, na umati wa mtandaoni ukaanza kumsaka kama mwizi wa kuku. Kisa hicho na vingine vya aina yake vikaisukuma serikali, na mwaka 2007 ikaamriwa kwamba kila tovuti kubwa, yenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku, ihakiki utambulisho wa mtu kabla hajaandika maoni. Mwaka 2008 mwigizaji Choi Jin-sil alifariki baada ya kuandamwa na uvumi mtandaoni. Mwaka uliofuata sheria ikapanuliwa, ikazibana hata tovuti zenye wageni 100,000. Kumbuka jambo moja hapa: msomaji hakulazimika kuliona jina la mwandishi, ila tovuti ililazimika kulijua. Kwa hiyo Korea haikujaribu hasa kuwaanika watu, ilijaribu kuwafanya wajue kwamba wanaweza kupatikana.

Walipatikana kweli, lakini si na waliotarajiwa. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye hifadhi za Nate na Cyworld, tovuti mbili kubwa za Korea, wakachota taarifa za watumiaji milioni 35 hivi, katika nchi yenye watu wapatao milioni 50. Miaka miwili kabla ya hapo Google ilikuwa imekataa kuhakiki mtu yeyote YouTube, ikaamua kuzima upakiaji wa video na uandishi wa maoni kwa kila aliyechagua Korea Kusini kuwa nchi yake. Watu wakaenda kwenye mipangilio, wakachagua nchi nyingine, wakaendelea na maisha. Agosti 2012 majaji wote wanane wa Mahakama ya Katiba waliifuta sheria hiyo. Walisema haikuthibitika kwamba maandishi haramu yamepungua kwa kiasi cha maana, kwamba watu wamekimbilia tovuti za nje, na kwamba uhuru wa kutoa maoni umebanwa, hata kwa raia wa nje wanaoishi Korea wasiokuwa na namba ya usajili ya kuhakikiwa nayo.

Mtetezi wa majina halisi bado ana pa kusimama. Anaweza kusema Wakorea waliyaficha majina kwa msomaji, na dawa ni kuyaonyesha. Watafiti wa Zurich, Uswisi, wana jibu, nalo ni geni kidogo. Walichukua maoni zaidi ya 530,000 yaliyoandikwa kati ya 2010 na 2013 kwenye jukwaa la Kijerumani la kutia saini maombi ya umma, ambako mwandishi huchagua mwenyewe kuonyesha jina lake au kulificha. Katika mkusanyiko huo, walioonyesha majina ndio walioandika kwa ukali zaidi. Haifai kulichukua hilo kama sheria ya maumbile, maana lile ni jukwaa la malalamiko, si la mapishi, na anayechagua kujificha huenda tangu mwanzo ni mtu wa tabia tofauti. Hata hivyo linatosha kuipindua dhana kwamba jina peke yake hufanya kazi ya breki.

Maelezo yao yanaingia akilini ukirudi kwenye ile treni ya Seoul. Waliomwandama yule msichana hawakujiona wahuni. Walijiona walinzi wa mila, watu wanaotetea usafi na heshima ya wote. Anayejiona anatetea haki hana sababu ya kuficha jina, kwani jina ndilo litakalompa sifa, wafuasi na kusadikiwa. Mtukanaji mwenye aibu hujificha. Mtukanaji mwenye uhakika huweka jina, picha ya pasipoti na cheo chake kazini.

Sasa, kama si jina, ni nini?

Fikiria baraza la kahawa jioni, watu kumi na wawili, sinia la kashata katikati. Mmoja anatamka neno la kumvunjia mwenzake heshima. Ukiwatazama wengine utasema hawajafanya kitu. Huyu anainamia kikombe, yule anageukia barabarani, mzee anatoa kikohozi ambacho si cha mafua, mwingine anakumbuka ghafla kwamba duka ameliacha wazi. Hakuna aliyemkemea. Hata hivyo msemaji amepata majibu kumi na moja ndani ya sekunde mbili, na yote ni hapana. Utamsikia akianza kurudi nyuma: jamani, mimi nilikuwa natania. Ukimya wa pale una nyuso, na nyuso zinasomeka.

Lihamishie baraza hilo kwenye simu. Neno ni lile lile, watu ni wale wale, majina ni yale yale. Kumi na mmoja wakinyamaza, msemaji anaona nini? Haoni kitu. Ukimya wa aliyechukizwa, wa aliyekubali, wa aliyelala na wa aliyeishiwa bando, vyote kwake vina sura moja. Kikohozi cha mzee hakisafiri. Akipenda atauhesabu ukimya huo kuwa ridhaa, na nani atamzuia? Kisha wawili wanaompenda wanabonyeza kicheko, kazi ya kidole kimoja. Anayetaka kupinga yeye lazima atunge sentensi, aipeleke, na akae tayari kwa vita. Wengi hawana nafasi hiyo siku ya kazi. Kwa hiyo hesabu inayoonekana kwenye kioo ni mbili kwa sifuri, ilhali barazani mtu huyo huyo alikuwa ameshindwa vibaya.

Tena barazani anayekwazika akiondoka, nafasi yake inabaki wazi na kila mtu anaiona. Kwenye simu wapole huondoka bila kuacha pengo. Hawaandiki tena, basi. Wanaobaki wakiandika ni wale ambao ugomvi hauwachoshi, na mgeni akiingia baada ya miezi mitatu ataamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya mahali pale, naye ataizungumza. Katika maelezo yote haya hakuna jina bandia hata moja.

Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Haifa, Israel, lililochapishwa 2012, linaloelekea huko huko. Watu 142 waliketishwa wawili wawili wajadiliane kwa maandishi juu ya jambo gumu la kuamua: dawa ya kuokoa maisha ipo moja, wanaoihitaji ni zaidi ya mmoja. Wengine walijuana majina na wengine hawakujuana, wengine walionana kwa kamera na wengine hawakuonana, na wengine waliweza kutazamana macho kwa macho. Kilichochochea ukali kuliko vingine ni kukosa kutazamana macho. Kutojuana majina kulikuja nyuma. Ni jaribio dogo, la muda mfupi, la maabara, na mtu asilibebeshe mzigo wa dunia nzima. Lakini kila mama aliyewahi kumnyamazisha mtoto mbele ya wageni kwa jicho tu atakubali kwamba watafiti hawakuota.

Je, mtandao basi unawageuza watu wema kuwa wabaya? Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliliangalia swali hilo kwa watu wa Denmark na Marekani, wakachapisha matokeo 2022. Waliona kwamba wanaotukana katika siasa mtandaoni ni wale wale wanaotukana nje ya mtandao. Tofauti ni kwamba nje wanasikiwa na watu wachache waliokaribu, na ndani wanasikiwa na kila mtu. Ukiisoma peke yake, kazi hii inafariji.

Usiisome peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Marekani, waliwapa watu 667 mtihani, baadhi mtihani rahisi na wengine mgumu wa kuudhi, kisha wakawaomba watoe maoni chini ya habari. Baadhi walikuta maoni ya kwanza ni ya kistaarabu, wengine wakakuta ya uchokozi. Kwa waliokuwa na hali nzuri na kukuta ustaarabu, asilimia 35 ya maoni yao bado yalikuwa ya uchokozi, na kiasi hicho tayari si kidogo. Kwa waliokuwa wameudhiwa na kukuta uchokozi, ilikuwa asilimia 68. Kwa hiyo wapo wagomvi wa kudumu, na wapo wa zamu, wanaoingia zamuni pale foleni ya benki inapowachosha. Matokeo haya mawili hayakai vizuri kwenye mkeka mmoja, na sioni haja ya kuyalazimisha.

Kuhusu majina bandia yenyewe, wasomaji wa Kiswahili hawapaswi kuyashangaa. Washairi wa magazeti waliyatumia kwa miongo mingi. Mambo Leo lilianza kutoka Tanganyika mwaka 1923, na katika kurasa za aina hiyo watu walilumbana kwa vina na mizani wakitumia lakabu. Khamis Amani alikuwa Nyamaume, na Nyamaume alikuwa na heshima yake ya kulinda. Akiandika upuuzi wiki hii, wiki ijayo angejibiwa kwa lakabu ile ile, na wasomaji wangekumbuka. Kilichomfunga ni kumbukumbu, wala cheti cha kuzaliwa hakikuhitajika.

Utafiti wa karibuni unaunga mkono jambo hilo, kwa tahadhari. Alfred Moore, Rolf Fredheim na wenzao walichambua maoni ya wasomaji wa Huffington Post, tovuti ya habari ya Marekani, ya kati ya 2013 na 2015, kipindi ambacho tovuti hiyo ilipitia hatua tatu. Kwanza mtu aliweza kujiundia akaunti ovyo, kisha akabaki na lakabu moja iliyohakikiwa, mwisho akalazimishwa kuandika kwa jina lake la Facebook. Maoni yaliboreka sana katika hatua ya pili. Katika ya tatu yakarudi nyuma. Kipimo chao kilikuwa jinsi hoja ilivyochanganuliwa, si idadi ya matusi, na mfumo wa maoni ulibadilika pamoja na sheria, hivyo vigumu kusema ni kipi kilifanya nini. Lakini mpangilio wa matokeo unavutia.

Jina halisi nalo lina gharama, na anayelipa mara nyingi si mtukanaji. Desemba 2016 polisi wa Tanzania walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, kwa kukataa kuwapa utambulisho wa watumiaji wake, na miongoni mwao walikuwamo waliotoa tuhuma za ufisadi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliongeza kamera za ulinzi ndani ya migahawa ya intaneti. Karani anayejua mahali hela zilipopita hataandika kwa jina lake. Anayetukana mashabiki wa timu pinzani ataandika kwa jina lake bila wasiwasi, na nembo ya klabu ataiweka.

Korea Kusini haikuishia mahakamani. Oktoba 2019, baada ya kifo cha mwimbaji Sulli, aliyekuwa akiandamwa na matusi mtandaoni, kampuni ya Kakao ilifunga maoni kwenye habari za burudani za tovuti yake ya Daum, na Naver, tovuti nyingine kubwa ya huko, ikafuata Machi 2020. Mwezi huo huo Naver ilifanya jambo jingine kwa habari zilizobaki: kila anayeandika maoni, lakabu yake ikibofywa, maoni yake yote ya nyuma yanafunguka mbele ya msomaji. Jina la kweli halikuonyeshwa. Maoni ya uchokozi yakapungua, na maoni ya kawaida nayo yakapungua.