Mfalme wa Ufaransa hakuwa anafanya lolote alitakalo

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, eti mwaka 1655 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alisimama mbele ya majaji wa Paris akasema "dola ni mimi", na kuanzia hapo neno lake ndo sheria, hakuna wa kumgusa. Jamani tuache kuifowadi. Kumbukumbu za kikao kile zipo na hayo maneno hayamo.

Nguvu alikuwa nazo kweli, tena nyingi, aliweza kumfunga mtu kwa barua tu bila kesi, na hapo ndo watu wanapochanganya mambo. Ila amri zake zilitakiwa kusajiliwa na mahakama kuu, na majaji wenyewe walikuwa wamenunua vyeo vyao kwa hiyo kuwatoa haikuwa rahisi. Hata mrithi wa kiti hakujichagulia tu anayempenda.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kitabu cha historia uangalie Septemba 1715. Mfalme huyohuyo kafariki tarehe 1, kaacha wosia wa kumbana atakayeshika nchi kwa niaba ya kitukuu wake wa miaka 5, na kesho yake tu mahakama ikaufuta.