Kurejesha programu ya gari si kuchomoa waya wa betri

Juzi hapa Malaba dereva mmoja aliniletea pikapu ya dizeli, taa ya injini inawaka. "Fundi," akaniambia, "programu nimeirejesha jana usiku, mbona taa imewaka tena?" Nikamuuliza ameirejesha kwa kutumia nini. Akanionyesha spana namba 10. Alikuwa amefungua waya hasi wa betri, akaenda kunywa chai, akarudi akaufunga.

Hayuko peke yake. Neno hilo, kurejesha programu, nalisikia kwa matanboi kwenye foleni ya malori, na nalisikia kwa mafundi wenzangu wenye mashine ya kupimia mkononi. Wao ndio wananiuma zaidi, kwa sababu mteja akiliokota kutoka kwao halitamtoka.

Kurejesha programu ni kuitoa kompyuta ya gari kwenye toleo jipya na kuiweka tena kwenye toleo lililokuwa likifanya kazi kabla yake. Gari lina kompyuta nyingi, ya injini, ya gia, ya breki, na kila moja ina programu yake. Maana ndiyo hiyo tu.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kusasisha, yaani kuweka toleo jipya, kumetokana na "sasa": kukifanya kitu kiwe cha sasa. Kurejesha kumetoka kwenye Kiarabu, raja'a, na Kiswahili kimelipa uzito wake. Anayerejesha ana kitu mkononi. Aliyeazima jembe hurejesha jembe, mwenye mkopo hurejesha pesa. Kufuta ni jambo jingine kabisa. Ukifuta ubao, mkononi umebaki na vumbi la chaki. Kwa hiyo mtu akiniambia amerejesha programu, nina haki ya kumuuliza: hiyo ya zamani ulikuwa umeiweka wapi?

Hata kiwango cha ISO 14229, kinachopanga jinsi mashine ya fundi inavyozungumza na kompyuta za gari, hakichanganyi mambo haya. Ombi namba 11 ni kuiwasha kompyuta upya. Namba 14 ni kufuta kumbukumbu za hitilafu. Kupakia programu huanza na 34, data husafiri kwa 36, na 37 hufunga kazi. Kurejesha hakukupewa namba yake. Ama unalipakia upya toleo la zamani, ama kompyuta yenyewe ilikuwa imelitunza mahali.

Waya wa betri hauwezi kugusa programu kwa sababu programu imekaa kwenye kumbukumbu ya flashi, ambayo haihitaji umeme ili ikumbuke. Unachoweza kupoteza kwa kuchomoa ni saa, stesheni za redio, na katika magari mengi yale ambayo injini imejifunza kuhusu mafuta na mzunguko wake. Flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina alilipendekeza mwenzake Shoji Ariizumi, kwa kuwa jinsi data inavyofutika kwa mpigo mmoja kulimkumbusha mmweko wa kamera. Jina linatokana na kufuta, si kuandika, na hapo ndipo hatari ilipo. Flashi ni kama shamba lenye mabua ya msimu uliopita. Hupandi juu yake, unalima kipande kizima kwanza. Umeme ukikatika baada ya kulima na kabla ya kupanda, la zamani huna na jipya huna.

Nimeshuhudia hilo. Kompyuta ya gia, kazi imefika asilimia 63, betri imechoka na chaja haikuunganishwa. Gari halikuhama pale kwa siku nne. Kilichotuokoa ni kwamba kipande kidogo cha programu ya kuanzishia hukaa sehemu yake iliyolindwa, nacho kikakubali kupokea programu upya. Lakini toleo la zamani hatukuwa nalo, ilibidi tulitafute.

Ndiyo maana magari mapya mengi yana nafasi mbili kwenye kompyuta. Toleo jipya linaandikwa upande wa pili huku gari likitembea na la kwanza, kisha inabadilishwa alama ya upande wa kuwakia. Likikorofisha, alama inageuzwa. Hapo kurejesha ni kwa sekunde, na ni kurejesha kwa kweli. Gharama yake ni kumbukumbu mara mbili.

Kuna na suala la muda. Kwenye waya wa CAN wa kawaida, ule unaopitisha data kati ya kompyuta za gari, kila fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, hubeba baiti 8, na kwa kazi hii moja huliwa na hesabu ya mpangilio. Programu ya megabaiti 4 ni karibu fremu 600,000. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji hutuma tofauti tu kati ya la zamani na jipya, na kompyuta inaliunda jipya kutokana na la zamani. Ni njia nzuri, ila ukiliunda jipya juu ya la zamani palepale, umeyala marejeo yako. Sharti uwe na tofauti ya kurudi nayo, au nakala kamili.

Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2021, inataka gari linalosasishwa hewani, yaani kwa mtandao bila waya, liweze kurudi kwenye toleo la awali kazi ikikwama, au liwekwe katika hali salama. Na si kila kurudi kunaruhusiwa: toleo la zamani likiwa na tundu la usalama linalojulikana, kompyuta inaweza kulikataa.

Yule dereva nilimpimia. Namba ya hitilafu iliyokuwepo ni P0087, shinikizo la mafuta liko chini. Chujio la dizeli lilikuwa jeusi tii, limeziba. Programu yake haikuwahi kuguswa na mtu.

Nilimwambia hivi: ndugu yangu, ukichomoa waya, niambie umechomoa waya. Ukifuta namba, niambie umefuta, na kabla hujafuta niandikie hiyo namba kwenye karatasi, itanisaidia. Ukiniambia umerejesha, nitakuuliza umetoka toleo gani na umerudi lipi.