Gofu ni lipi, na lipi si gofu

Juzi tumekaa barazani baada ya magharibi, kijana mmoja akanyoosha kidole kwenye skuli ya zamani ya mtaani kwetu akasema, "Lile gofu lishushwe tu, pajengwe kitu cha maana." Hakuna aliyemkatiza. Skuli ile ina paa. Ina madirisha, ina ngazi, na mlangoni pana kufuli. Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno sasa, kwenye daladala, sokoni, hata vikaoni ambako watu huzungumzia jengo la umma libaki au liondoke.

Gofu ni kilichobaki cha jengo baada ya paa na sakafu kwenda, zikasimama kuta au nguzo peke yake. Maana ndiyo hiyo, haina mengi.

Yenye mengi ni safari ya neno lenyewe. Wazee hawakulitumia kwa nyumba tu. Mtu aliyekondeshwa na maradhi akabaki ngozi na mifupa waliita gofu la mtu. Huyo bado anapumua, bado anauguzwa, na watoto wake wanamletea uji. Walipomwita hivyo walikuwa wakisema kiasi gani cha mwili wake kimekwenda, na aliyesikia alijua kuwa pana mgonjwa wa kutazamwa. Sisi tumelichukua neno la huruma tukalifanya ruhusa ya kuvunja. Na si neno hilo peke yake linalosemwa kwa watu na kwa majengo: kongwe husemwa kwa mzee aliyeishi miaka mingi, na ndiyo sifa tuliyoupa mji wetu, Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Anayetaka kuona magofu hasa aende Maruhubi, nje kidogo ya mji. Jumba la pale alilijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, likaungua mwaka 1899, na nguzo zake zimesimama mpaka leo. Hapo neno limekaa mahali pake, wala sijasikia mtu akisema nguzo zile zing'olewe.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya gofu na hame. Hame limezaliwa na kuhama: ni pahala ambapo watu walikuwapo, wakaondoka. Ras Mkumbuu kule Pemba ni yote mawili. Ni hame kwa sababu wenyeji walihama karne nyingi zilizopita, na mna magofu kwa sababu msikiti wao na makaburi yao ya nguzo yamebaki bila ya kutunzwa na wakaazi. Lakini mawili hayo hayaendi pamoja siku zote. Mahame mengine hayana hata jiwe, ila miembe mikubwa inayoonesha kuwa hapa paliwahi kuwa na nyumba. Na jengo laweza kuhamwa leo likiwa zima kabisa.

Majengo yetu mengi ya umma yameanza hivyo. Ofisi inahamishwa, au wanafunzi wanapelekwa skuli mpya, ufunguo unakwenda kuwekwa mahali, na masika mawili yakipita watu wanasema gofu. Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja bila ya mtu wa kuziba, maji huingia ukutani na kulainisha kile kinachoshika mawe, na boriti huoza kwenye ncha zilizozama ndani ya ukuta, pale pasipoonekana. Kupiga lipu ya saruji juu yake hakusaidii, kwa sababu saruji huyafungia maji ndani, ilhali chokaa huyaacha yatoke. Kwa hiyo nyumba yenye mtu anayepanda juu kila kabla ya mvua hudumu, na iliyohamwa huanza kuugua mwaka uleule. Kuugua huko kuna neno lake: ubovu. Boriti bovu hubadilishwa. Paa bovu huezekwa upya.

Sisemi kwamba ubovu si hatari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la sultani la Forodhani, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya siku ile nilisikia wengi wakisema lilikuwa gofu tangu zamani. Halikuwa. Lilikuwa jengo la mwaka 1883, bovu, na mafundi walikuwa ndani wakilitengeneza. Tofauti hiyo nzito, maana ukishasema lilikuwa gofu huulizi tena kwa nini liliachwa mpaka likafika hapo.

Nenda tena mbele ya bandari ukaitazame ile zahanati ya zamani ya Malindi, aliyoianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilichakaa vibaya, na angepita kijana wetu miaka ya 1980 angeiita gofu vilevile. Miaka ya 1990 ilitengenezwa, na roshani zake za mbao za kuchonga zinatazama bahari hadi leo.

Yule kijana sikumgombeza, maana neno amelipokea kwetu sisi wakubwa. Nilimwambia tu, mwanangu, skuli ile imehamwa, na paa lake ni bovu upande wa kibla. Sema hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ufunguo wake anao nani.