Mnaojiandaa na GRE hapa Arusha na Moshi, someni hii kabla hamjalipa

Wiki hizi dawati letu la ushauri wa wanafunzi limejaa maswali ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hasa Marekani, wapo wanaokuja wenyewe hapa mjini, wapo wanaopiga simu kutoka Moshi, na mengi ya wanayouliza yametoka kwenye magrupu ya WhatsApp ambako mtu aliyefanya mtihani zamani ndo anawaelekeza wanaoufanya sasa. Niseme mapema, sisi hatutungi huo mtihani, hatusahihishi na hatuuzi nafasi. Wenye nao ni shirika la ETS la Marekani, wakibadilisha utaratibu wao ndo wafuatwe, sio maneno yangu.

Ule mtihani wa karibu masaa manne haupo tena. Toka Septemba 2023 umefupishwa, sasa hivi ni saa 1 na dakika 58: insha moja dakika 30, Kiingereza vipande viwili (maswali 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23), na hesabu vipande viwili (12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26). Mapumziko hakuna. Kwa hiyo lile desa la mwaka 2019 mnalorushiana lina insha mbili, ya pili ilishaondolewa, na bado kuna watu wanaikesha. Alama ni 130 hadi 170 kwa kila upande, Kiingereza na hesabu, na hakuna pasi maki. Hakuna jamani. Mtu anauliza nikipata 150 nimefaulu? Umefaulu wapi? Idara unayoomba ndo inajua inataka nini, ya uchumi itakukazia kwenye hesabu, ya historia itaangalia zaidi Kiingereza.

Tuje kwenye hesabu. Ni za sekondari tu: asilimia, uwiano, aljebra, maumbo, wastani, kusoma grafu. Kalkulasi haimo, sine na cosine hazimo. Hapo ndo waliosoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) wanapovimba kichwa na wale wa HGL na HKL (historia na lugha) wanakata tamaa, na wote wamekosea, kwa sababu mtihani hauangalii umefika mbali kiasi gani kwenye hesabu, unaangalia kama unasoma swali kwa makini ukiwa na haraka. Chukua aina ya maswali ya kulinganisha. Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x, basi, hujapewa kingine. Uchague: A ni kubwa, B ni kubwa, ziko sawa, au haiwezekani kujua. Injinia wetu wa PCM anaweka 2, anaweka 5, anaweka 10, A inashinda kila mara, anabonyeza A na kusonga mbele. Sasa weka nusu. Nusu mara nusu ni robo, B imekuwa kubwa. Weka 1, zinalingana. Jibu ni haiwezekani kujua, maana hakuna aliyekuambia x ni namba kubwa kuliko 1, wewe ndo umejiambia. Ukiona herufi haina masharti, kabla ya kubonyeza jaribu sifuri, jaribu 1, jaribu sehemu, jaribu hasi.

Asilimia nazo zinawamaliza watu kimya kimya. Maharage pale soko la Kilombero yawe 3,000 kwa kilo, yapande asilimia 20, halafu yashuke asilimia 20. Wengi wanasema yamerudi 3,000. Yalipanda hadi 3,600, na asilimia 20 ya 3,600 ni 720, kwa hiyo ni 2,880. Kikokotoo kipo kwenye skrini lakini hakikusaidii kama hujui asilimia unaitoa kwenye namba ipi, na chako cha mkononi hakiruhusiwi.

Halafu msikiache kipande cha kwanza mkidhani ni cha kupasha moto. Ukifanyaje kwenye kipande cha kwanza ndo kompyuta inaamua cha pili kiwe kigumu au chepesi, na alama za juu ziko kwenye kile kigumu. Jibu la kosa halikatwi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujionea tu. Beti, weka alama, rudi baadaye kama dakika zipo, ila ukishafunga kipande hurudi tena.

Kiingereza sasa. Kuna imani kwamba dawa ni kukariri maneno 3,000. Msamiati unahitajika, sikatai, lakini nimeona watu wana daftari zima la maneno na bado nafasi zilizo wazi zinawashinda kwa sababu hawasomi sentensi. Nitoe mfano kwa Kiswahili ili tusigombanie lugha: "Ingawa redioni alisifiwa kwa ____ wake, wafanyakazi walimjua kama mtu asiyeshaurika." Hiyo "ingawa" ndo inakwambia neno linalotakiwa ni kinyume cha kutoshaurika, yaani usikivu au kitu cha hivyo. Mtu akiharakisha anaweka "ukarimu" kwa sababu wakubwa husifiwa kwa ukarimu. Sentensi haijagusa ukarimu popote! Tafuta kwanza kiungo kinachogeuza maana, jaza neno lako mwenyewe kichwani, ndo uangalie machaguo. Kwenye yale ya kuchagua maneno 2 kati ya 6 lazima yote mawili yalete maana moja, ukipata moja hupewi nusu alama. Na kwenye vifungu vya kusoma jibu linatoka kwenye kifungu, unayoyajua wewe kuhusu tabianchi yaache mlangoni.

Mazoezi: ETS wenyewe wana mitihani miwili ya bure inaitwa POWERPREP. Mmoja ufanye mwanzoni ujue umesimama wapi, wa pili utunze hadi karibu na siku yenyewe, na ufanye kwa saa, sio huku unajibu meseji. Anayekuuzia "pepa iliyovuja" anakula hela yako, na ETS wakijiridhisha umedanganya wanafuta matokeo, hela hairudi na wanaweza kukufungia kabisa.

Taratibu ndo zinaangusha watu wengi bila sababu, kwa hiyo nisameheni nikirefusha. Majina unayojisajili nayo yawe kama yalivyo kwenye pasi yako ya kusafiria, sio ya cheti cha fomu foo wala ya Facebook, na pasi iwe hai, iwe yenyewe, kopi au picha kwenye simu havikubaliki. Saa ya miadi inasomwa kizungu: ikiandikwa 2:00 PM ni saa nane mchana, sio saa mbili. Msicheke, inatokea. Wanaofanyia nyumbani, lazima iwe kompyuta, simu na tableti hapana, na intaneti kafe hapana hata kama mwenye kafe ni shemeji yako. Chumba uwe peke yako, mlango umefungwa, unakaa kwenye kiti na meza, sio kitandani. Karatasi za kawaida za kukokotolea ni marufuku, unaruhusiwa ubao mdogo mweupe au karatasi ndani ya plastiki angavu na kalamu inayofutika, na mwisho unafuta msimamizi akiona kwenye kamera. Mdogo wako akifungua mlango kuuliza chaja iko wapi, msimamizi ana haki ya kusitisha mtihani na hatakuwa na makosa, kwa hiyo ongea na nyumba nzima siku moja kabla. Umeme nao mnaujua wenyewe, laptop iwe imejaa chaji na bando la akiba liwepo.

Kurudia inaruhusiwa baada ya siku 21, mwisho mara 5 ndani ya miezi 12, na matokeo yanadumu miaka 5. Vyuo vingi vya Marekani vinafunga maombi Desemba na Januari, hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Na kabla hujatoa zaidi ya dola 200, soma masharti ya programu yako uone kama wanautaka, maana idara nyingi zimeacha kuudai, na ukishalipa ukaghairi unarudishiwa nusu tu, tena uwe umeghairi angalau siku 4 kabla ya mtihani.